Kipimo hakioni malaria na homa bado ipo: tutafute wapi?

Mama anakikunja kikaratasi cha majibu mara nne, anakifunga kwenye pindo la khanga, halafu ananitazama. "Sasa dokta, kama siyo malaria ni nini?"

Swali hilo nimeulizwa kuliko jingine lolote tangu nianze kazi ya uafisa tabibu. Miaka ya mwanzo jibu langu lilikuwa baya. Niliandika dawa mseto ya malaria hata kipimo kikiwa hasi, nikamwambia mgonjwa kwamba vijidudu vimejificha. Ndivyo nilivyowakuta walionitangulia wakifanya, kwa sababu kwa miaka mingi huku kwetu homa na malaria vilihesabiwa kuwa kitu kimoja. Tafiti zilizofanyika hapa hapa Tanzania ndizo zilizonigeuza, na nitazitaja njiani. Mambo nimeyapanga kwa namna wagonjwa wenyewe wanavyoyasema wanapoketi kwenye benchi.

Homa ya kukimbia nayo hospitali, usisome kwanza

Kama mgonjwa ni mtoto wa chini ya miezi miwili, homa yoyote ni ya hospitali leo hii, hata kama ananyonya na kucheka. Kwa wengine wote, ondoka sasa hivi ukiona lolote kati ya haya: hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, shingo imekaza, utosi wa mtoto umevimba, anahema kwa shida, macho yamekuwa ya njano, mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, au anatokwa damu puani, kwenye fizi au chini ya ngozi. Mjamzito, mtu mwenye selimundu na mtu anayeishi na VVU nao wasisubiri kesho.

Kuhusu degedege naomba nisikilizwe. Mlaze mtoto kwa ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza karibu yake, usimtie kijiko mdomoni wala kumnywesha kitu. Bado wapo wanaoamini kwamba mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo wanaanzia kwenye mafusho na kuja kwetu baadaye. Mara nyingi degedege huletwa na homa tu na hupita yenyewe, lakini pia ndivyo malaria kali na homa ya uti wa mgongo zinavyojitokeza, na magonjwa hayo mawili hayasubiri hata saa chache. Mtoto aanzie hospitali.

"Nikimgusa anachemka, ila kipimajoto kinasema 36.9"

Amini kipimajoto. Kiganja hutambua vizuri kwamba mtoto hana homa, lakini mara kwa mara huona homa pasipo na homa, hasa mtoto akitoka kulia, akiwa amefunikwa blanketi mbili au amebebwa mgongoni juani. Mfungue nguo, subiri robo saa, weka kipimajoto katikati ya kwapa lililokauka, mkono ubanwe ubavuni hadi kilie. Nyuzi 37.5 na kuendelea kwapani ni homa. Hata hivyo, kama jana usiku aliwaka na leo asubuhi hana, mwambie daktari hivyo hivyo. Homa ya saa 24 zilizopita inahesabiwa, na kipimo cha malaria bado kinamhusu.

"Kipimo cha haraka ni hasi, homa haishuki"

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza hakikisha kipimo chenyewe kilifanyika sawa. Kile kibao cha plastiki kina mstari wa C, unaoonyesha kwamba kipimo ni kizima. Usipotokea, hayo si majibu, warudie na kingine. Mstari wa T ukitokea hafifu kama uzi wa buibui bado ni chanya, wala hakuna malaria "kidogo" ya kupuuza. Kila aina ya kipimo ina dakika zake za kusubiri zilizoandikwa kwenye paketi. Kikisomwa mapema kinaweza kukosa, na kikiachwa mezani hadi baada ya chakula cha mchana kinaweza kuonyesha mstari usiokuwepo.

Sasa hili la vijidudu kujificha. Lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana limedumu. Kijidudu cha malaria kali, kinachoitwa Plasmodium falciparum, kikikomaa ndani ya chembe nyekundu huifanya inate kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ndani ya mwili, kwa hiyo damu ya kidoleni inaweza kuwa na vijidudu vichache kuliko vilivyopo kweli. Mtu wa hadubini anaweza kuvikosa. Lakini kipimo cha haraka hakitafuti kijidudu chenyewe, kinatafuta protini ambayo kijidudu huimwaga kwenye damu, na protini hiyo huzunguka mwili mzima popote vijidudu vilipojibanza. Kwa hiyo mgonjwa ambaye hajameza dawa yoyote, kipimo kimefanyika vizuri na ni hasi, uwezekano wa kuwa malaria ndiyo inayomwangusha ni mdogo sana. Homa ikiendelea bila sababu kuonekana, kipimo kirudiwe baada ya siku moja au mbili. Kurudia kipimo ni halali. Kumeza dawa mseto kwa kubahatisha huku ugonjwa halisi unaendelea, hapana.

Madhara yake yamepimwa. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliolazwa walikuwa wanatibiwa malaria kali. Damu zao zilipoangaliwa upya kwa umakini, waliokuwa na vijidudu ni 2,062, yaani hawafiki nusu. Linaloniuma ni la vifo: kati ya waliokuwa na vijidudu walikufa karibu 7 katika kila 100, na kati ya wasiokuwa navyo walikufa 12 katika kila 100. Walikuwa wagonjwa mahututi wa kitu kingine, na dawa iliyokuwa inaingia kwenye mishipa yao ilikuwa ya malaria.

Ni kitu gani basi? Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, wa miezi miwili hadi miaka 10, waliokuja kliniki za kutwa Dar es Salaam na Ifakara. Walipimwa damu, mkojo, kinyesi, majimaji ya puani, na eksirei kwa waliohitaji. Waliokutwa na malaria ni kama 10 na nusu katika kila 100. Waliokuwa na maambukizi ya njia ya hewa walikuwa 62 katika kila 100, kuhara na kutapika 10, maambukizi ya njia ya mkojo karibu 6, taifodi hawafiki 4. Watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao hauhitaji dawa ya malaria wala antibayotiki. Na zaidi ya mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na magonjwa mawili au zaidi kwa wakati mmoja.

Hesabu hizo ndizo zilizonifundisha mahali pa kuanzia: kifua. Msimu mmoja wa masika aliletwa kwangu mtoto wa mwaka na miezi miwili, kipimo hasi, na mama yake alishanunua dawa mseto njiani, ipo kwenye mkoba. Nilimwomba ampakate, ampandishe fulana, amnyonyeshe kidogo mpaka atulie. Nikaishika saa karibu na kitovu cha mtoto na kuhesabu kila tumbo linapopanda, dakika nzima, kwa sababu watoto wadogo hupumua kwa mafungu na ukihesabu nusu dakika utadanganyika. Nikafika 54. Kwa umri wake, 40 na kuendelea ni kupumua haraka. Kwa wa miezi miwili hadi chini ya mwaka, ni 50 na kuendelea. Kila alipovuta pumzi, chini ya mbavu palizama kama mtu anabonyeza kwa kidole. Nilimwonyesha mama pale pale, akahesabu na yeye. Hiyo ilikuwa nimonia, na dawa yake ilikuwa amoksilini siku tano. Siku ya tatu walirudi kuangaliwa, akihema 34.

Wengi wanaokohoa hawana nimonia, lazima niseme hivyo. Katika utafiti ule, kati ya wenye maambukizi ya njia ya hewa, eksirei ilithibitisha nimonia kwa watoto 5 tu katika kila 100. Mtoto anayekohoa, ana kamasi, anapumua kawaida na anakunywa vizuri, kwa kawaida ana virusi vitakavyoondoka vyenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu vipimo vya haraka vilipoenea, baada ya Shirika la Afya Duniani kuagiza mwaka 2010 kwamba kila anayedhaniwa ana malaria apimwe kwanza, dawa za malaria zilipungua na antibayotiki zikapanda mahali pake. Tulihamisha kosa kutoka kabati moja kwenda jingine. Kuna utafiti wa Dar es Salaam wa miaka ya 2014 hadi 2016, wenye watoto zaidi ya 3,000, uliowapa wahudumu mwongozo wa kompyuta ndogo ya mkononi pamoja na vipimo vichache vya haraka vya kuchoma kidole na kifaa cha kupima oksijeni. Waliopewa antibayotiki siku ya kwanza walishuka kutoka karibu 30 katika kila 100 hadi chini ya 12, na watoto walipona vizuri zaidi. Kwa hiyo kuandika dawa chache kwa uangalifu si ubahili, ndugu zangu.

Baada ya kifua ni masikio, koo na ngozi: usaha sikioni, mafindofindo, jipu, kidonda. Kisha mkojo. Mtoto mdogo, hasa wa kike, mwenye homa kali bila kikohozi, mafua wala kuhara, apimwe mkojo hata kama hasemi unamwasha. Mwosheni vizuri na mkinge mkojo wa katikati, siyo wa mwanzo, kwa kuwa mkojo uliookotwa kwenye nepi huzaa yale majibu ya "UTI sugu" yasiyoisha.

"Alimaliza dawa wiki mbili zilizopita na kipimo bado chanya"

Ile protini niliyoisema hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vijidudu kufa. Kipimo kinaona mabaki tu. Kujua kama malaria imerudi, omba hadubini. Hapo pia utasikia "nina malaria mbili" au "malaria nne". Mara nyingi ni idadi ya vijidudu alivyovihesabu mtu wa maabara sambamba na chembe nyeupe 200 za damu, na wala si aina za malaria.

Uliza pia dawa ilimezwaje. Dawa mseto ya ALu ni dozi sita: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi hiyo. Homa inaweza kuendelea siku mbili za mwanzo hata dawa ikifanya kazi. Ikivuka siku ya tatu, rudini.

Kwenye maeneo yenye malaria nyingi lipo na hili: mtu anaweza kubeba vijidudu vichache bila kuumwa, huku homa yake inatoka kwenye mapafu au damu. Kipimo chanya hakimzuii mhudumu kuendelea kumchunguza.

"Viungo vyote vinauma, macho yanauma kwa nyuma"

Homa iliyoanza ghafla, kichwa kinagonga, macho yanauma ukiyazungusha, mgongo kama umepigwa, na siku ya tatu au ya nne vipele vidogo: hiyo inafanana na dengue, ambayo Kiswahili kinaiita kidingapopo. Dar es Salaam imepata milipuko mikubwa mwaka 2014 na 2019. Mbu wake huuma mchana na huzaliana kwenye maji masafi yaliyotuama: matairi, ndoo, vifuu vya nazi, sahani za chini ya maua.

Maumivu yakishika zaidi vifundo vya mikono na miguu, mtu akashindwa hata kufunga vifungo vya shati, fikiria chikungunya. Jina hilo ni la Kimakonde, linahusu kujikunja kwa maumivu, na ugonjwa wenyewe ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu.

Magonjwa yote mawili ni ya virusi. Kwa homa na maumivu tumia parasetamo peke yake. Usimeze diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini mpaka dengue iondolewe kwenye hesabu, maana huongeza hatari ya kutokwa damu. Na dengue ina tabia inayowapoteza watu: hatari huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Familia inashukuru amepoa, kumbe maji yanavuja kutoka kwenye mishipa ya damu. Tumbo likiuma sana, kutapika kukiwa mfululizo, fizi zikitoa damu au mgonjwa akilegea baada ya homa kuondoka, apelekwe hospitali usiku huo huo.

"Homa ni ya wiki ya tatu, nimetibiwa malaria na taifodi mara mbili mbili"

Mgonjwa wa aina hii huja na bahasha ya vyeti. Kwanza naitafuta karatasi ya Widal. Kipimo hicho ni cha tangu mwaka 1896, na kinatafuta askari wa mwili waliowahi kutengenezwa dhidi ya taifodi na ndugu zake. Mtu mzima aliyeishi maisha yake yote huku kwetu anaweza kuwa na askari hao bila kuumwa, kwa hiyo Widal moja yenye namba kubwa haithibitishi taifodi. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu, ichukuliwe kabla ya antibayotiki, na majibu yasubiriwe kwa siku kadhaa. Kama hospitali ya wilaya haioteshi, ya mkoa au ya rufaa mara nyingi inaweza.

Kisha nauliza kuhusu wanyama. Huko Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili walichunguzwa kwa kina. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa 528. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Baadhi ya waliobaki walikuwa na bakteria kwenye damu, fangasi au kifua kikuu kilichosambaa, na zaidi ya robo ya waliopimwa magonjwa ya kutoka kwa wanyama walikutwa nayo: homa ya mgunda, homa za kupe, homa ya Q inayotoka kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe wanaozaa, na bruselosi. Hakuna aliyekuwa ameandika hata moja kati ya hizo alipowapokea.

Bruselosi naiona kwa wafugaji, wachinjaji na wanaokunywa maziwa mabichi. Homa huja na kuondoka, jasho usiku, kiuno na magoti yanauma, mtu anachoka hadi anaitwa mvivu nyumbani kwake. Hutibiwa kwa dawa mbili kwa wiki sita, na anayeacha wiki ya pili kwa kuwa amepata nafuu, ugonjwa humrudia. Homa ya mgunda hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine unaochanganyika na maji au tope. Ndiyo iliyoitikisa Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022, watu wakitokwa damu puani, na Wizara ya Afya ikatangaza wagonjwa 20 na vifo 3. Ipo pia homa ya papasi kwa wanaolala kwenye nyumba za udongo: siku chache za homa kali, nafuu ya karibu wiki, kisha inarudi. Kipimo cha haraka hakiioni kamwe. Mtu wa hadubini anaweza kuwaona vijidudu wake waliojisokota kama nyuzi, akiambiwa awatafute.

Homa za jioni, jasho la kulowesha shuka, kukonda, na kikohozi cha wiki mbili au zaidi: makohozi yapimwe kifua kikuu, na VVU vipimwe siku hiyo hiyo. Kifua kikuu kinaweza kukaa nje ya mapafu, kwa hiyo kukosa kikohozi hakukifuti.

"Panadol inaishusha, baada ya saa tano inarudi"

Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwili ukivamiwa, ubongo hupandisha kiwango cha joto unachokitaka, ndiyo maana mtu anatetemeka kwa baridi huku anawaka: ubongo umeagiza nyuzi 39 na misuli inatetemeka ili kuzifikia. Parasetamo hushusha agizo hilo kwa saa nne hadi sita, haigusi chanzo. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, isizidi mara nne kwa siku. Kurudi kwa homa hakumaanishi dawa ni feki, wala kushuka kwake hakumaanishi ugonjwa ni mdogo.

"Bibi anasema ni meno ya plastiki"

Shikamoo bibi, lakini hapana. Vile vivimbe vyeupe kwenye ufizi wa mtoto ni vichipukizi vya meno yake halali. Meno yakiota yanaweza kumfanya mtoto alie na kutokwa mate. Hayaleti homa ya nyuzi 39 wala kuhara. Nimewapokea watoto waliokatwa ufizi kwa kifaa kisicho safi, homa ya mwanzo bado ipo, na juu yake damu inavuja na mdomo umeoza. Mleteni mtoto tuhesabu pumzi zake, tupime mkojo wake na kumpa maji ya chumvichumvi na zinki kama anahara. Bibi naye aje, nitamwonyesha ufizi.

Cha kuja nacho zahanati

Kipimo nilicho nacho kinajibu swali moja tu. Mengine yanajibiwa na maelezo yako, na maelezo mazuri hutosha kwenye nusu ukurasa wa daftari. Wiki chache zilizopita baba mmoja aliniletea haya, yameandikwa kwa kalamu ya mwanawe wa shule, na sikuhitaji kumwuliza maswali mengi zaidi:

"Siku ya 9 ya homa. Jioni 38.7, asubuhi 37.2. Hakohoi, haharishi. Kiuno na goti la kulia vinauma. Kipimo cha malaria mara mbili, hasi. Amemeza dawa mseto dozi moja na siprofloksasini siku tatu, ameacha. Hajasafiri. Tunakunywa maziwa bila kuchemsha. Mbuzi wawili walitupa mimba mwezi uliopita, yeye ndiye aliyewasaidia."